Uhusiano wa India na Pwani Yetu, Kama Tunavyouona Kutoka Tongoni



Tumeombwa tuseme machache juu ya uhusiano wa India na Tanzania. Wanaoujua kwa magazeti huanza na mabalozi. Sisi twaomba kuanza na magofu ya Tongoni, yenye msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40. Aprili 1498 meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama katika miamba ya upande wetu huu. Januari 1499, katika safari ya kurudi, Wareno waliichoma moto hapo hapo, maana mabaharia waliobaki hawakutosha meli tatu. Baina ya matukio hayo walifika India, lakini si kwa ujuzi wao peke yao. Malindi walipewa rubani, ambaye mwandishi wao João de Barros alimtaja kuwa Mwislamu wa Gujarat. (Twalitamka neno Mwislamu kwa makusudi, wapo wadhanio kuwa Gujarat ni ya Wahindu tu.)

Kwake yeye njia ile haikuwa mpya. Kaskazi ilileta majahazi yenye nguo na shanga. Kusi iliyarudisha na pembe za ndovu na, baadaye, karafuu. Maneno nayo yalivuka. Jirani akisema gari, sisi nyumbani twasema gadi. Akisema bima, twasema vimo. Na laki ni laki huku na huko.

Si kila aliyevuka alivuka kwa hiari yake. Novemba 1914 Waingereza waliwaleta hapa Tanga askari wa India kupigana na Wajerumani. Walishindwa kwa siku chache, na nyuki wakashiriki katika kuwafukuza. Ugomvi ulikuwa wa Ulaya. Kati ya waliozikwa walikuwamo Wahindi na Waafrika.

Ya serikali twayapitia upesi. Ubalozi wa India Dar es Salaam umekuwapo tangu 1961. Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Gandhi. Oktoba 2023 Rais Samia alizuru Delhi, na nchi mbili zikatangaza ubia wa kimkakati. Zikazungumza pia juu ya kufanya biashara kwa fedha zao wenyewe, jambo ambalo babu zetu wasingelishangaa, kwani enzi za Mjerumani rupia ndiyo iliyokuwa fedha ya Tanga.

Lakini sisi wafanyabiashara huupima uhusiano kwa mbaazi. India hula dengu na mbaazi kuliko inavyoweza kulima kila mwaka. Bei ilipopanda huko mwaka 2015, wakulima wetu walihimizwa kupanda, nao wakapanda. Wakulima wa India walipanda vilevile, wakavuna sana, na Agosti 2017 serikali yao ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje. Bei huku ikaporomoka. Mkulima wa Babati au wa Mtwara hakuwa na kosa lolote, wala hapakuwa na mtu wa kumweleza. Mwaka 2021 mlango ulifunguliwa tena. Urafiki wa nchi usiompa mkulima habari mapema haujakamilika kwa maoni yetu, hata hotuba zikiwa tamu.

Na habari ndiyo hasa iliyotusimamisha hapa leo. Baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971 wengi wetu walihamia Uingereza na Kanada. Sisi tuliobaki tulibaki kwa kuwa na majirani. Hata hivyo, nafasi za masomo zinazotolewa na India kwa Watanzania wote, na habari za tawi la IIT Madras lililofunguliwa Zanzibar mwaka 2023, la kwanza nje ya India, hufika sebuleni kwetu kwa simu za jamaa, na huishia hapo. Mtoto wa mvuvi wa Tongoni aliyefaulu hesabu huzisikia muda ukishapita. Hilo si haki, na dawa yake haihitaji balozi.

Kwa hiyo tumekubaliana na Kamati: kila tangazo la masomo litakalotufikia litaandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa nje ya lango, upande wa barabarani, ambako asiyependa kuingia hekaluni atalisoma bila kuvua viatu. Walimu wa shule za jirani watapelekewa nakala. La kwanza limebandikwa asubuhi hii.