Teknolojia ya Wenzetu, Maji Yetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya wavuvi, wachuuzi wa samaki na viongozi wa mitaa, Uvira



Nimeombwa kusema juu ya amani na mazingira. Nitaanza na simu, kwa sababu wengi wetu tunayo mfukoni. Makampuni makubwa yanatuahidi dunia safi: simu nyepesi, magari ya umeme yasiyotoa moshi. Hatusemi kwamba yote ni uongo. Mama anayeuza ndakala hapa Uvira anaweza kujua bei ya Bukavu bila kupanda gari. Swali letu ni moja: uchafu wa usafi huo unabaki wapi?

Jibu la kwanza liko karibu nasi. Mwaka 2000 viwanda vya elektroniki viligombania tantali, inayotoka katika koltani. Bei ikapaa. Maelfu ya watu wakaingia katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1980. Miti ilikatwa, vijito vikachimbuliwa, gorila na tembo wakaliwa kambini. Wenye silaha wakatoza kodi. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Viwanda vilipata vilichotaka. Sisi tulibaki na mashimo na bunduki.

Jibu la pili latoka Zambia, jirani yetu wa ziwa. Tarehe 18 Februari 2025, karibu na Chambishi, lilibomoka bwawa la mabaki ya mgodi la kampuni ya Sino-Metals, inayotoa shaba. Bila shaba hakuna gari la umeme. Maji yenye asidi yaliingia mto Mwambashi, kisha Kafue. Samaki walikufa, mahindi yakaharibika, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba.

Kafue ni mto unaotiririka, na bado uliumia. Je, Tanganyika? Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Sumu ikiingia humu, wajukuu wa wajukuu wetu wataikuta. Nalo tayari limewekewa bei. Julai 2022 serikali ilipiga mnada vitalu 27 vya mafuta, na 11 vilikuwa katika bonde la Tanganyika. Mnada huo ulifutwa Oktoba 2024. Tushukuru, lakini tusilale: kilichofutwa kwa karatasi chaweza kurudishwa kwa karatasi.

Kwa nini mtu wa kazi ya amani anasema haya? Kwa sababu samaki wakipungua, wavuvi wa ng'ambo hii na ng'ambo ile hugombania maji. Shamba likiharibika, kijana hufuata bunduki ili ale. Kisha ugomvi huo huitwa wa kabila.

Sheria ipo. Sheria ya Madini ya 2018 inaitaka kampuni inayochimba itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii jirani, na 15% ya mrabaha iende kwa sekta, usultani au mji wa mahali. Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, unazifunga nchi zote nne kulilinda ziwa pamoja.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, kiongozi asitie sahihi peke yake: ripoti ya athari za mradi isomwe hadharani, kwa Kiswahili na kwa lugha za vijiji. Pili, wavuvi na wamama wachuuzi wawe ndani ya komite, wasiitwe tu siku ya kupiga makofi. Tatu, hesabu ya pesa ibandikwe mahali ambapo kila mtu anapita.

Atakayekuja na mradi, tumpokee kwa heshima, tumpe kiti. Kisha tumwulize: maji machafu yatakwenda wapi? Asiyeweza kujibu hajawa tayari kuchimba.