MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WAKAAZI: NYUMBA, REHANI NA KUFILISIKA



Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Msemo huo huwa mzito zaidi pale kilichowekwa rehani ni nyumba, kwani mkopaji huwa ameweka pia malazi ya mke au mume, ya watoto, na mara nyingi ya wazee. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba hifadhi kubwa ya mwenye nyumba imo katika hati anayoitia saini na katika siku za mwanzo za kushindwa kulipa. Anayengojea hadi mahakama imtangaze kuwa amefilisika huwa amechelewa.

Visiwa vya Unguja na Pemba vina historia ndefu ya jambo hili. Zamani wenye mashamba ya karafuu na wenye nyumba walikopa kwa utaratibu wa bei khiyari. Mkopaji aliandika kuwa ameiuza mali yake kwa mkopeshaji, naye akabakishiwa khiyari ya kuikomboa katika muda uliowekwa. Mara nyingi alibaki katika mali hiyo hiyo akilipa kodi, na kodi hiyo ndiyo iliyosimama mahali pa riba. Muda ukipita bila ya malipo, mkopeshaji alikuwa tayari ana hati ya mauzo mkononi.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929, madeni yaliwaelemea wengi. Mwaka 1934 Serikali ya wakati huo ilitunga sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwa ajili ya madeni, na ikasimamisha kwa muda ukamataji wa mali za wadaiwa. Mwaka 1938 ikafuata sheria ya kulinda ardhi na kusuluhisha madeni. Nafuu hiyo ilihitaji sheria maalumu, na ilikuja baada ya wengi kukwisha kutia saini.

Funzo la historia hiyo lingalipo. Mtu anayekopa fedha akaandikiwa hati ya mauzo, kwa ahadi ya mdomo kuwa atarejeshewa nyumba akilipa, hujiweka pale pale walipokuwa wakopaji wa bei khiyari. Akikopa, hati na iseme mkopo. Akiweka rehani, hati na iseme rehani, itaje kiasi, muda na namna ya kukomboa. Risiti ya kila malipo iwekwe.

Yafuatayo yafaa kuzingatiwa kabla ya kutia saini.

Kwanza, aina ya haki. Kwa mujibu wa Sheria Namba 12 ya 1992 inayohusu umiliki wa ardhi Zanzibar, ardhi ni ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo mkopaji ahakikishe ni haki ipi aliyo nayo kabla ya kuahidi kuiweka dhamana.

Pili, wenye haki. Nyumba ya urithi ambayo haijagaiwa ni ya warithi wote, na mmoja wao hana uwezo wa kuweka rehani mafungu ya wenzake. Nyumba ya wakfu haiwekwi rehani.

Tatu, udhamini. Anayemdhamini mwenzake kazini kwa ahsani hujifunga kulipa deni hilo iwapo mkopaji atashindwa.

Ardhi si jambo la Muungano, hivyo wakaazi wenye nyumba Dar es Salaam na kwengineko Bara wafahamu kuwa huko hutumika Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 na marekebisho yake. Sheria hiyo inataka ridhaa ya mke au mume kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Inamtaka mkopeshaji kutoa notisi ya maandishi kabla ya kuuza, na kuuza kwa bei nzuri inayoweza kupatikana kwa haki. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, muuzaji huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vyengine.

Kuhusu kufilisika, wapo wanaodhani kuwa tangazo la mahakama hufuta kila deni na kuiacha nyumba salama. Sivyo. Chini ya Sheria ya Kufilisika ya Bara, mali ya muflisi huwekwa chini ya msimamizi ili igaiwe kwa wadai. Nguo, matandiko na zana za kazi huachwa kwa kiwango kilichowekwa. Nyumba haimo katika orodha hiyo. Tena, mdai mwenye rehani huweza kuitegemea rehani yake nje ya mgao wa wadai wengine. Faida ya kufilisika ni kumpumzisha mtu na madai ya kila upande. Faida hiyo haivunji rehani.

Kwa hivyo mdaiwa anayeona mshahara hautoshi asijifiche. Amwendee mkopeshaji kabla ya notisi, aombe kwa maandishi kuongezewa muda au kupunguziwa awamu, na makubaliano yaandikwe na kushuhudiwa. Asikope kwengine kwa riba kubwa ili kuziba deni la kwanza. Notisi ikifika, asiiweke mtotoni. Aipeleke siku ile ile kwa mwanasheria au kwa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992. Wakopeshaji nao wakumbuke kuwa dini imehimiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula.

Saini hutiwa kwa dakika moja, na nyumba hujengwa kwa umri wa mtu. Hati isomwe nyumbani, mbele ya wanaolala chini ya paa hilo, kabla ya kalamu kushikwa.