Uchumi Uelezwe kwa Lugha ya Wananchi



Elimu ya uchumi si siri ya mabwana wa benki. Mwandishi wa magazeti wa Marekani, Sylvia Porter, alilithibitisha jambo hilo kwa kalamu yake.

Alizaliwa mwaka 1913 katika jimbo la New York. Soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1929, mama yake alipoteza akiba ya dola 30,000. Binti huyo, wakati huo mwanafunzi wa Chuo cha Hunter, aliacha somo la Kiingereza akashika uchumi, apate kujua kilichowafilisi.

Mwaka 1935 alianza kuliandikia gazeti la New York Post. Makala zake zilitiwa saini ya “S. F. Porter”, wasomaji wasijue kuwa mwalimu wao wa fedha ni mwanamke. Jina lake kamili lilitokea mwaka 1942, walipokwisha kumwamini. Mpaka alipofariki mwaka 1991, alikuwa amewaeleza mamilioni ya wasomaji maana ya kodi, mikopo na mfumuko wa bei kwa maneno ya mtu aendaye sokoni.

Nchi yake ni ya kibepari, lakini somo lake latuhusu. Mwananchi asiyeielewa bajeti hawezi kuisimamia. Na afisa afichaye hesabu nyuma ya maneno magumu humnyang’anya haki hiyo. Basi kila tuandikapo waraka, au tusimamapo mbele ya darasa, tujiulize: je, mkulima ataelewa?