Baada ya Wimbo, Wapeni Maiki

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Jubilei ya Fedha

 

Historia ya kwaya mtaisoma kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki, na mweka hazina ana hesabu zake. Mimi kamati iliniomba niseme machache kuhusu miaka 25 ijayo. Nina jambo moja tu. Nataka vijana wetu wasimame hapa mbele waseme, si kuimba peke yake.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba robo tatu ya Wakenya wako chini ya umri wa miaka 35. Tazameni viti vya soprano na besi mtaona vivyo hivyo. Vijana hawa tunawaona kila Jumapili, tunawapigia makofi na vigelegele. Lakini nawauliza, wapendwa: ukiacha kusoma matangazo, ni lini mara ya mwisho mlisikia mmoja wao akizungumza hapa kwa maneno yake mwenyewe, juu ya maisha anayoishi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi?

Kwa kazi mimi ni mwalimu. Nawahakikishia kwamba kusema mbele ya watu ni jambo linalofundishwa, na nusu ya somo hilo kwaya imeshalifundisha bila kujua. Kijana wa kwaya anajua kuvuta pumzi kutoka tumboni. Anajua kwamba akimeza silabi za mwisho, nyanya aliyeketi benchi la nyuma hapati kitu. Anajua kungoja zamu yake, maana tena haiingii wakati wa besi. Macho ya watu hayamtetemeshi magoti tena. Shuleni tunahangaika muhula mzima kufika hapo, ndiyo maana mtaala wa umilisi umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wake saba. Tunao pia watoto wanaopeleka mashairi kwenye Tamasha la Muziki la Kenya na kuyakariri vizuri mno. Hata hivyo, kukariri maneno ya mwalimu si sawa na kusema lako.

Na la kusema wanalo. Mwezi wa Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipojadiliwa bungeni, ni vijana waliousoma kifungu kwa kifungu na kuueleza mitandaoni kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, mpaka wazee wasiosoma Kiingereza wakaelewa kodi ipi ingegusa mkate na ipi ingegusa simu. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, na kuna wazazi waliozika watoto wao kwa sababu ya siku zile. Tarehe 26 Rais akatangaza kuwa hatatia saini. Kila mtu ana maoni yake juu ya maandamano, na sikusimama hapa kuyapima. Ninalosema ni kwamba wale walioeleza mswada hawakujifunzia kanisani. Wengi wao walikulia katika makanisa kama hili, wakaimba Shule ya Jumapili na wakapata kipaimara, lakini walipokuwa na jambo zito la kueleza, walienda kulieleza kwingine.

Najua kinachowatia wazee wetu hofu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Katibu, ukifungua mlango huo, siasa itaingia." Mzee wangu, siasa iliingia zamani, na ilikuja na gari kubwa na bahasha. Ni mwaka 2021 tu, mwezi wa Septemba, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipolazimika kutangaza kwamba wanasiasa wakaribie kuabudu kama watu wengine, lakini mimbari si yao. Mwaka 2024 vijana nao wakauliza waziwazi kwa nini makanisa yanampa mwanasiasa maiki wakati muumini wa miaka 20 hapewi. Sijasikia jibu la kutosha. Mwanasiasa akimaliza huondoka kabla ya sadaka ya pili. Kijana wetu akisema, Alhamisi yuko hapa kwenye mazoezi, tunaweza kumuuliza.

Katika Biblia yuko kijana mmoja ambaye hahubiriwi mara nyingi, Elihu, katika kitabu cha Ayubu. Alikaa kimya akiwasikiliza rafiki watatu wa Ayubu wakibishana, kwa sababu walikuwa wamemzidi umri. Walipoishiwa na maneno, sura ya 32, akafungua kinywa. Kweli, alizungumza sura sita nzima, kwa hiyo hata yeye angehitaji mtu wa kumshikia saa! Lakini mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wale rafiki watatu, na jina la Elihu halimo katika kemeo hilo.

Wanaotaka mfano wa karibu wamtazame Elizabeth Wathuti, binti wa Nyeri. Novemba 2021 alisimama Glasgow kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, mbele ya marais na mawaziri wakuu, akiwa na miaka 26. Nimewasikilizisha wanakwaya hotuba ile kwa sababu ya jinsi ilivyojengwa. Hakuanza na maneno makubwa. Aliwaambia kwamba wao walipokuwa wameketi pale kwa starehe, zaidi ya Wakenya milioni 2 walikuwa wakikabiliwa na njaa. Akaeleza aliyoyaona kwa macho yake: watoto watatu wakilia kando ya mto uliokauka. Pia aliomba ukumbi wote unyamaze kidogo kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo. Mwanakwaya yeyote anajua nguvu ya kituo kilichowekwa mahali pake.

Hapa kwetu hatuhitaji Glasgow. Baada ya mazoezi ya Alhamisi moja, kijana wetu mmoja wa besi alituambia habari za kutafuta kazi. Ana diploma, miaka mitatu sasa. Alieleza nauli anayokopa kwenda kwenye usaili na jinsi anavyorudi kwa miguu. Halafu akasema kwamba kinachomuumiza zaidi si kukosa kazi, ni kuulizwa kila Jumapili hapo mlangoni, "Bado hujapata?" Dakika nne tu. Tangu siku ile sijamsikia mwanakwaya yeyote akimuuliza hivyo, na mama mmoja wa alto alimpa kazi ya kumfundisha mwanawe hesabu jioni. Hakuna mahubiri ambayo yangetufikisha hapo, naomba mchungaji anisamehe, kwa sababu hakuna mwingine kati yetu aliyelijua swali hilo kutoka upande wa anayeulizwa.

Yapo mengine ya kusikia. Februari 2024 pombe yenye sumu iliua zaidi ya watu 10 kule Kangai, Kirinyaga. Tunawaombea walevi kila wiki, lakini hatujamsikia kijana akitueleza kwa nini rika lake huanza kunywa saa tatu asubuhi. Yapo madeni ya mikopo ya simu, michezo ya kamari, mabinti wanaoitiwa kazi Ghuba, na msongo wa mawazo ambao bado tunauita uvivu.

Ndiyo sababu kamati ya kwaya imeandika pendekezo lililo mbele ya baraza la kanisa, na litajadiliwa Jumamosi ijayo. Tunaomba dakika 10, Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, baada ya wimbo wa pili wa kwaya. Kijana achague jambo moja analolijua. Aliandike mwenyewe, aje alisome mbele yetu Alhamisi kama tunavyofanyia wimbo mazoezi. Akitaja takwimu, aseme ameitoa wapi. Asimshutumu mtu kwa jina. Amalizie na jambo moja ambalo sisi tulioketi hapa tunaweza kulifanya kabla mwezi haujaisha, hata likiwa dogo kama kuacha swali la mlangoni.

Na sisi wakubwa tuna sharti letu, ambalo nadhani ndilo gumu kuliko yote: akimaliza, mtu yeyote asichukue maiki ili "kuongezea kidogo". Mwenye swali au kusahihisha amfuate kijana nje, wakati wa chai na mandazi, wazungumze.

Waliotupinga katika kamati walisema hakuna kijana atakayejitokeza. Kufikia jana jioni tulikuwa na majina saba, mawili yakiwa ya vijana wasio wa kwaya. Daftari liko mezani karibu na mlango wa kulia, pamoja na karatasi ambayo washirika wanaounga mkono pendekezo wanaweza kutia saini kabla ya Jumamosi. Wazee wa baraza, nanyi mnaruhusiwa kutia saini. Mwalimu wa kwaya ananionyesha saa. Soprano, simameni.