Mpanda Ngazi Hushuka: Kukimbia Katika Nchi ya Milima

(Mada iliyotolewa Lushoto kwa wafanyakazi na watu wa kujitolea wanaokimbia kwa ajili ya afya)



Wengi wenu mmehamia hapa kutoka Tanga na Dar es Salaam, ambako mlizoea kukimbia kwenye barabara tambarare. Hapa tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, na ni nadra kupata kilomita moja isiyo na mwinuko. Baada ya wiki mbili wengine husema milima imewashinda, na viatu hubaki uvunguni. Hapo presha na kisukari hupata nafasi. Kwa hiyo jambo hili si la mchezo tu.

Neno langu ni moja: kupanda huchosha, lakini kushuka ndiko kunakoumiza. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Basi na tujifunze yote mawili.

Kwanza, kupanda. Msiifuate saa, fuateni pumzi. Ukishindwa kumwambia mwenzako sentensi nzima, umezidisha mwendo. Fupisha hatua, tazama mita chache mbele, usikunje kiuno, na mikono isaidie. Waangalieni akina mama wanaopeleka mboga sokoni: hatua fupi, mwendo uleule, na wanafika. Penye mwinuko mkali, tembea. Kutembea si kushindwa, bali ni kutunza nguvu za safari iliyobaki.

Pili, kushuka. Hapa misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inajikaza huku ikivutwa. Kazi hiyo huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli, na maumivu huzidi siku ya pili au ya tatu. Habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Ukishuka kidogo leo, kisha ukapumzika, mteremko wa wiki ijayo hautakuumiza kama huu wa leo. Kwa hiyo anza na mteremko mfupi mara moja kwa wiki, uongeze pole pole. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili wala si mbele yake, na goti lisikakamae. Aidha, usiongeze umbali na milima katika wiki moja.

Hata mabingwa hukutana na somo hili. Ndugu yetu Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, alikuwa wa pili kule Boston mara tatu mfululizo: 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 alizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Njia ya Boston huanza kwa kuteremka, na mkimbiaji hujiona ana mbawa. Kumbe vilima vya Newton vinamsubiri baada ya kilomita 25, wakati mapaja yamekwisha kuchoka kwa kufunga breki. Anayeshuka kwa pupa hulipa deni mlima unaofuata.

Tatu, usalama. Kimbia upande wa kulia, ukitazamana na magari. Kwenye kona usivae vitu vya kusikilizia muziki, maana baadhi ya bodaboda hushuka wakiwa wamezima injini. Wakati wa masika udongo mwekundu huteleza, hivyo shuka kwa kutembea. Mwenye presha apimwe kabla ya kuanza. Goti likivimba, au likiuma ndani ya kiungo, pumzika na uende kituo cha afya. Hayo si maumivu ya mazoezi.

Ndugu zangu, jipeni wiki sita hadi nane kabla ya kusema mmeshindwa. Mlima hautahama, nasi hatuna haja ya kuukimbilia kwa siku moja.