Kompyuta ya Kipande Kimoja: Je, Kikundi Chetu Kiinunue?

Haya ni maelezo yaliyotolewa na mweka hazina mmoja katika mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tunayachapisha kwa faida ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.



 Nimepewa nafasi niongee juu ya kompyuta. Najua baadhi yenu mnawaza, huyu sasa atatuletea maneno makubwa. Hapana. Mimi si fundi. Mimi ni mkulima kama ninyi, na nimekuwa mweka hazina wa kikundi kwa miaka mingi. Haya nitakayosema nimejifunza kwa kulipa.

Siku hizi vikundi vingi vinataka kompyuta, na si kwa fahari. Barua ya kuomba msaada inatakiwa ipigwe chapa. Fomu nyingi za serikali zinajazwa kwenye intaneti. Hesabu za mikopo zinaongezeka mpaka kalamu inachoka. Tukienda saiba mjini tunalipa nauli, tunalipa kila ukurasa, na siku imeisha. Basi kikundi kinachanga, pesa zinafika, na wajumbe watatu wanatumwa dukani. Huko ndiko wanakokutana na ile kompyuta nzuri, nyembamba, inayofanana na televisheni. Muuzaji anaiita "ol-in-wani." Sisi tuiite kompyuta ya kipande kimoja.

Ni kitu gani hiki?

Kompyuta ya mezani ya kawaida ina vipande viwili vikubwa. Kuna skrini, na kuna lile sanduku ambalo watu wetu huliita CPU. Ile ya kipande kimoja haina sanduku. Mashine yote imewekwa nyuma ya skrini. Unaleta kibodi na mausi, unachomeka waya mmoja kwenye soketi, kazi inaanza.

Jambo hili si geni. Mwaka 1977 kampuni ya Commodore ilitoa kompyuta iliyoitwa PET, ambayo skrini, kibodi na mashine vilikuwa pamoja. Mwaka 1984 Apple ilitoa Macintosh, yenye skrini ndogo ya inchi 9 ndani ya kisanduku chake. Mwaka 1998 ikaleta iMac ya rangi ya kung'aa, na watu wengi wakaanza kuzipenda kompyuta za aina hii. Leo HP, Dell, Lenovo na wengine pia wanazitengeneza. Baadhi ya zinazofika kwetu ni zile zilizotumika katika ofisi za ng'ambo, zikaletwa hapa kuuzwa tena.

Faida zake

Kwanza, haihitaji nafasi kubwa. Ofisi ya kikundi mara nyingi ni meza moja kwenye kona ya ukumbi wa kanisa. Meza hiyo hiyo ndiyo ya risiti na ndiyo ya chai.

Pili, waya ni chache. Mahali watoto na kuku wanapita, waya chache ni usalama.

Tatu, skrini ni kubwa, mara nyingi kati ya inchi 20 na 24. Katibu akifungua hesabu, watu kumi wanaweza kusimama nyuma yake na kuziona. Hili ni jambo kubwa katika kikundi. Hesabu ikionekana na wote, manung'uniko yanapungua.

Nne, nyingi hutumia stima kidogo, kwa sababu zimeundwa kwa vipuri vinavyofanana na vya laptopu. Tupige hesabu kidogo. Kompyuta inayokula wati 60, ikifanya kazi masaa 5 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, inamaliza uniti 6. Ile inayokula wati 120 pamoja na skrini yake inamaliza uniti 12. Kwa kikundi kinachotumia sola, tofauti hiyo ndiyo inaamua betri ngapi mtanunua. Msikubali maneno ya mdomo tu. Angalieni maandishi kwenye adapta, mzidishe volti kwa ampea. Ikiwa ni volti 19.5 na ampea 7.7, hiyo ni karibu wati 150. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa. Kuandika barua hula chini ya hapo.

Hasara zake

Sasa nitawaambia kilichotupata sisi.

Mwaka 2019 kikundi chetu kilinunua kompyuta ya aina hii, iliyotumika. Tulikuwa wanachama 22, na pesa zile zilitoka kwa maziwa, kuku na mboga. Kompyuta ilipofika tulifurahi, tukaomba, tukapiga picha. Mimi nikahamisha hesabu zote za mikopo kutoka daftari hadi kwenye mashine. Daftari nikalitupa stoo. Nilisema mambo ya zamani yamepita.

Ilikwenda vizuri kwa miezi kadhaa. Halafu msimu wa mvua, stima ilipotea jioni moja, ikarudi kwa nguvu. Taa ilipasuka, na skrini ya kompyuta ikawa nyeusi. Waranti ya dukani ilikuwa ya miezi mitatu, na ilikuwa imeisha. Fundi wa soko letu aliifungua, akaifunga. Akasema kama ingekuwa ile yenye sanduku angetoa kipuri kilichoungua aweke kingine siku hiyo hiyo, maana anavyo kwenye rafu. Lakini hii vipuri vyake ni vya modeli yake peke yake, na lazima viagizwe. Bei aliyotaja ilizidi nusu ya pesa tulizonunulia kompyuta.

Hiyo ndiyo hasara ya kwanza, na ndiyo kubwa. Kila kitu kiko pamoja, kwa hivyo kikiharibika kimoja mnakosa vyote. Kwenye ile ya vipande viwili, skrini ikifa mnaazima nyingine kwa jirani. Sanduku likifa, skrini inabaki. Kwa kipande kimoja, skrini ikipasuka mmekosa kompyuta, na mashine ikifa skrini nzuri inabaki kuwa pambo. Chache tu zina tundu la kupokea picha kutoka kompyuta nyingine. Ulizeni kabla ya kulipa.

Hasara ya pili ni ugumu wa kuongeza nguvu. Baada ya miaka, kompyuta huwa nzito na huhitaji memori zaidi. Sanduku hufunguliwa kwa bisibisi na memori huwekwa. Baadhi ya kompyuta za kipande kimoja zina kifuniko nyuma na hukubali, lakini nyingine hazikubali kabisa. Kwa mfano, iMac ya inchi 24 iliyotoka mwaka 2021 haiongezwi memori baada ya kununuliwa. Ulivyoinunua ndivyo utakavyokaa nayo.

Hasara ya tatu ni joto na vumbi. Vitu vyote vimebanwa mahali pembamba. Feni yake ikizibwa na vumbi la barabara yetu, mashine inapata moto na maisha yake yanapungua.

Hasara ya nne, haina betri kama laptopu. Stima ikipotea inazimika pale pale, na kazi ambayo hujahifadhi imekwenda. Tena ni rahisi kubebwa na mwizi, kwa sababu akiinua kipande kimoja amechukua ofisi nzima.

Yule mama na shilingi 4,000

Nirudi kwenye hadithi yetu, maana hapo sijafika penye uchungu.

Kompyuta ilipokufa, hesabu zilikufa nayo, au ndivyo tulivyodhani. Daftari la stoo lilikuwa limekoma miezi mingi nyuma. Tulikaa zaidi ya mwezi bila kujua nani amelipa na nani hajalipa. Maneno yakaanza. Mama mmoja mjane alisimama mkutanoni akasema alikwisha lipa shilingi 4,000 za mwisho za mkopo wake, taslimu, mkononi mwangu. Mimi sikukumbuka. Nilimwambia mbele ya watu kwamba bila maandishi siwezi kukubali. Alikaa chini, akanyamaza. Mkutano uliofuata hakuja.

Baadaye kijana mmoja anayesomea ufundi alitushauri tusiitupe mashine. Alisema kilichoungua huenda si mahali kumbukumbu zinapokaa. Alitoa diski ndogo iliyokuwa ndani, akaiweka kwenye kasha lake, akaiunganisha na kompyuta nyingine. Hesabu zote zilikuwamo. Na shilingi 4,000 za yule mama zilikuwamo, na tarehe yake, nimeziandika mimi mwenyewe.

Nilikwenda nyumbani kwake pamoja na mwenyekiti, nikaomba msamaha. Mkutano uliofuata niliomba tena mbele ya wote, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya wote. Alinisamehe. Lakini ndugu zangu, tungekuwa tumeitupa ile mashine, mama yule angebeba deni la uongo mpaka leo, na mimi ningekuwa naye kanisani kila Jumapili nikidhani niko sawa.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta ni msaidizi wa daftari. Haijaja kulifukuza.

Basi tufanye nini?

Sisemi kompyuta ya kipande kimoja ni mbaya. Najua kikundi cha vijana ambacho kinayo, na inawafaa sana. Lakini wao wako karibu na mji, stima yao haisumbui, chumba kina dari na kufuli, na fundi wa aina hiyo yuko karibu. Hali yao si yetu. Katika Luka sura ya 14 tunafundishwa kukaa kwanza na kupiga hesabu kabla ya kuanza ujenzi. Na sisi tukae kwanza.

Kama stima yenu inapotea mara kwa mara, laptopu yaweza kuwafaa zaidi, kwa ajili ya betri yake. Kama fundi wenu ni yule wa sokoni, na mnataka mashine ya kutengenezwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, chukueni yenye sanduku na skrini mbali. Kama mna chumba salama, nafasi ni ndogo, na mnataka watu wengi waone kazi pamoja, ile ya kipande kimoja ni nzuri.

Mkiamua kununua, fanyeni haya:

1. Nendeni na mtu anayejua, hata kama ni kijana wa darasani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

2. Iwasheni dukani, mkae nayo nusu saa. Angalieni madoa kwenye skrini, sikilizeni feni, jaribuni sauti na kila tundu.

3. Ulizeni umri wa mashine. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Bei ikiwa ya chini sana, huenda ndiyo sababu. Mashine ya namna hiyo bado yaweza kutumia Linux na LibreOffice, ambazo hazilipiwi, lakini lazima awepo mtu wa kuwafundisha.

4. Angalieni kama adapta inakubali stima yetu ya volti 240. Nyingi zimeandikwa 100 hadi 240, na hizo ni sawa.

5. Wekeni ndani ya bajeti kifaa cha kulinda na UPS. Sisi tuliona ni gharama ya bure. Ilikuja kuwa gharama ya kompyuta nzima. Na radi ikinguruma, chomoeni waya.

6. Chukueni risiti na waranti iliyoandikwa, yenye jina la kikundi, si jina la katibu.

7. Kila baada ya mkutano, nakili hesabu kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa mweka hazina, nyingine kwa mwenyekiti, na ziwe na neno la siri, kwa sababu madeni ya watu si habari ya sokoni. Halafu andikeni jumla katika daftari, na watu watatu watie sahihi.

Sisi leo tunatumia kompyuta yenye sanduku, iliyotumika, na skrini yake pembeni. Si nzuri kwa macho. Lakini imeshaharibika mara mbili na mara mbili imetengenezwa sokoni kwa siku moja. Na daftari liko mezani kando yake, limefunguliwa.

 Mungu azibariki kazi za mikono yenu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kompyuta yetu ikizimika leo na isiwake tena, tutajuaje nani amelipa na nani hajalipa?

2. Stima yetu ikoje? Fundi wetu wa karibu yuko wapi, na anaweza kutengeneza mashine gani?

3. Mwanachama akisema amelipa na maandishi hayapo, tutamsikiliza namna gani bila kumwaibisha?