Mazungumzo Baada ya Habari: Chaguo la Kwanza

Ndugu askari na polisi, mwaka 2005 Burundi ilifuta ada ya shule za msingi. Mwaka 2013 ikaanzisha elimu ya msingi ya miaka tisa, na mtihani wa mchujo ukahama kutoka darasa la sita hadi la tisa. Hivyo mtoto hufika njia panda akiwa na umri wa kujijua: sayansi, lugha, ualimu au ufundi.

Basi mzazi aliye kambini asipange machaguo kwa fahari ya jina la shule. Kamanda hapangi kikosi kabla ya kupima ardhi. Tazameni maksi za mtoto, pimeni umbali na nauli, msikilizeni mwenyewe. Atakayekaa darasani ni yeye, wala si cheo cha baba yake.